Kitenzi “understate” na Kipimo cha Msikilizaji: Tatizo la Kisawe cha Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza “understate” kina maana inayoonekana nyepesi: kulieleza jambo kwa kadiri iliyo ndogo kuliko ukweli wake. Wepesi huo ndio unaowaponza wafasiri. Wapo wanaokipa kisawe kimoja, “kupunguza”, na wapo wanaokiweka chini ya tafsida. Njia zote mbili zina kasoro. Serikali inayopunguza kodi imebadili kiwango chenyewe. Mfanyabiashara anayetaja mapato pungufu hakubadili ila taarifa. Tafsida nayo husitiri aibu au ukali wa neno, kama pale isemwapo kwamba mtu amekwenda haja. Kitenzi hiki hakisitiri neno. Kinagusa ukubwa wa jambo.

Kasoro nzito zaidi ni kusahau kwamba kitenzi hicho kinabeba matendo mawili yanayopingana. Mkwepa kodi anategemea msikilizaji asijue kipimo cha kweli. Msemaji anayeitumia mbinu hii kibalagha anategemea kipimo hicho kijulikane. Mnamo tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways iliyokuwa ikielekea Perth iliingia katika majivu ya volkano ya Galunggung, kisiwani Java. Rubani Eric Moody aliwatangazia abiria kwamba kulikuwa na tatizo dogo, kisha papo hapo akasema kwamba injini zote nne zilikuwa zimezimika. Udogo wa tatizo ulipimwa na sentensi iliyofuata, wala hakuna aliyedanganywa.

Kinyume chake ni kisa mashuhuri cha Vita vya Korea. Katika mapigano ya Mto Imjin, Aprili 1951, Brigedia Mwingereza Tom Brodie anasimuliwa kuwa alimwarifu jenerali wa Marekani kwamba hali ilikuwa ngumu kidogo. Mmarekani aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Kikosi cha Gloucestershire kilizingirwa, na askari wake wengi wakauawa au kutekwa. Kisa hiki hutajwa mno kama ushahidi wa staha ya Waingereza. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani staha ya Moody haikuwa pungufu. Kilichokosekana Imjin ni kipimo mikononi mwa msikilizaji.

Katika ukanushi, Waingereza wenyewe hujikwaa. Anayeandika kwamba umuhimu wa maji safi “cannot be understated” kwa kawaida anakusudia kuusifu, ilhali maneno yake, yakifuatwa kimantiki, yanasema kwamba umuhimu huo ni mdogo kiasi kwamba hauwezekani kutajwa kwa udogo zaidi. Watetezi wa matumizi hayo hudai kwamba “cannot” hapo ni katazo. Utetezi huo una uzito, lakini haumfai mfasiri wa Kiswahili, kwa kuwa lugha yake hutenganisha “hauwezi” na “haupaswi”. Akiandika “umuhimu wake hauwezi kupunguzwa”, amezalisha kauli ya tatu, kuhusu umuhimu usiobadilika.

Kwa chumvi nyingi Kiswahili kina “kutia chuku”, usemi uliozoeleka. Upande wa pili haujapata usemi wenye nguvu hiyo. Kwa hesabu na kodi, “kutaja pungufu” kunatosha. Kwa balagha, “kusema kwa kupunguza uzito” kunafaa zaidi. Na kwa ile kauli kanushi, mfasiri hana budi kuamua kwanza mwandishi alikusudia nini: “umuhimu wake usitajwe kwa udogo” au “hata ukitiwa chuku, hautazidishwa”.