Bwana Msa Anapolegea

Hapa Bomani, Tarime, ukimtajia mzee jina lako, swali linalofuata ni la ukoo: wewe ni Mnchari, Mtimbaru au Mwirege? Kwa hiyo Mwana wa Yungi Hulewa, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1976, ilipaswa kutushika sisi kuliko wasomaji wengi, maana fumbo lake linagusa nasaba na malezi. Mimi haikunishika. Sadfa zimerundikana mno, na kila fundo linapofunguka namwona mwandishi akilivuta kwa mkono.

Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la 1957-58, haikuwa hivyo. Tajiri anakutwa amekufa mzimuni, watu wanawasingizia mizimu, na mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, anaanza kuuliza maswali madogo madogo. Kila jibu linapunguza hofu na kuongeza shaka. Deni kwa Sherlock Holmes liko wazi, lakini mazungumzo ni ya Unguja tupu.

Ustadi huo nadhani Abdulla aliuchuma mbali na vitabu. Mzaliwa huyo wa Makunduchi alikuwa mkaguzi wa afya kwa takriban miaka 10 kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948. Mkaguzi huingia nyumba za watu, huona pipa la maji, huuliza nani analala wapi, na hujifunza kusubiri mwenye nyumba amalize kujitetea. Namna anavyowaacha wahusika wake waseme mpaka wajifichue wenyewe inanifanya niamini kwamba kazi ile ilimfundisha.

Na subira hiyo haikumtoka hata kisa kilipomlegea. Katika kitabu hiki cha 1976 bado anajua lini mtu aingilie maneno ya mwenzake, lini utani ukatwe, lini Najum, msaidizi wa mpelelezi, aulize lile ambalo msomaji analo moyoni ili tusimchukie Bwana Msa kwa kujua mapema. Najum ni kazi ngumu kuliko Msa mwenyewe: awe mpole bila kuwa mjinga, aone nusu, aturushie sisi nusu nyingine. Waandishi wengi wa hadithi za upelelezi humfanya msaidizi kuwa zuzu. Abdulla alimheshimu.

Kwa hiyo nakisoma kwa sauti. Sadfa zikifika napita haraka. Wawili wakianza kuzungumza, napunguza mwendo.