Mgeni na Jembe: Juu ya Hotuba ya Padre Illich kwa Vijana Waliokwenda Mexico

Ziko hotuba zilizosemwa mara moja tu, mbele ya watu wachache, kisha zikaishi kuliko chama kilichozisikia. Mojawapo ni ile aliyoitoa Padre Ivan Illich tarehe 20 Aprili 1968 kwa wanafunzi wa Amerika ya Kaskazini, wengi wao Wakatoliki, walioungana katika chama kilichojulikana kwa herufi CIASP. Kazi ya chama hicho ilikuwa kuwapeleka vijana Mexico wakati wa likizo ya kiangazi, wakae vijijini majuma machache, wawasaidie wakulima, kisha warudi makwao. Kichwa cha hotuba kwa Kiingereza ni To Hell with Good Intentions, yaani, nia njema na zitupwe jehanamu. Nacho chatosha kuonyesha ukali wake. Hata leo husomwa na vikundi vya vijana vinavyojiandaa kwenda ng'ambo kwa kazi ya Injili. Kwa kuwa waalimu na makasisi wengi wa nchi zetu hupokea vikundi vya namna hiyo, yafaa tuipime hotuba yenyewe, tuone ni wapi imenena kweli na ni wapi imepunguka.

Kwanza tumjue msemaji. Illich alizaliwa Vienna mwaka 1926, akawa padre, akatumwa Puerto Rico, na huko Ponce akashiriki katika kuwafundisha Kihispania mapadre na watawa wa Marekani. Mwaka 1961 Roma iliyaomba mashirika ya watawa ya Amerika ya Kaskazini yatoe sehemu moja katika kumi ya watu wao kwa ajili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka huo huo Illich alifungua kituo huko Cuernavaca, Mexico, ambako waliotumwa walijifunza lugha kabla ya kuanza kazi. Aliwaona wakija na aliwaona wakikosea, na mwezi wa Januari 1967 alikwisha kuandika makala katika gazeti la America kuyalaumu mashauri yale ya kuwapeleka wageni wengi hivyo. Basi aliposimama mbele ya wanafunzi wale, hakuwa akisema ya kusikia.

Maneno yake kwa ufupi ni haya. Aliwaambia kwamba wao wenyewe wamekwisha kutambua ya kuwa nia zao si safi kama wanavyozisifu, na bado wanajiandaa kwenda. Aliwaambia kwamba hawawezi kuwapelekea watu wa Mexico kitu ila maisha ya Kimarekani ya watu wa hali ya kati, kwa kuwa hawajui maisha mengine. Wao ni kama wachuuzi wa bidhaa hiyo, wajue wasijue. Alitaja kwamba hata Peace Corps, chama cha serikali ya Marekani, kilitumia kadiri ya dola 10,000 kumwandaa kila mjumbe wake. Akawashauri kwamba wakitaka kufanya kazi kati ya maskini, wawaendee maskini wa kwao wenyewe, wenye lugha na uwezo wa kuwafukuza. Mwisho akawaruhusu waje Mexico kutazama, kupanda milima, kufurahia maua na kujifunza. Lakini wasije kusaidia.

Katika hayo yote, lililo na nguvu kupita mengine ni lile la lugha. Illich aliwaambia wanafunzi kwamba kwa upande wa lugha wao ni bubu na viziwi kijijini, hata hawajui wanalolifanya wala jinsi watu wanavyowafikiri. Neno hili halikuwa tusi, bali maelezo ya mwalimu wa lugha. Katika makala yake nyingine, iliyomo katika kitabu chake Celebration of Awareness, alifundisha kwamba lugha haifanywi na maneno peke yake, bali na kimya pia, na kwamba kimya cha watu ni kigumu kujifunza kuliko sarufi yao.

Sisi wenye Kiswahili tunao mfano wa karibu. Tulichukue neno dogo haya. Mwenyeji akiambiwa shauri na mgeni, hujibu, "Haya." Huenda maana yake ni kukubali, huenda ni kuyamaliza maneno ili watu waende zao, tena huenda ni kushindwa tu kukataa. Na iko haya nyingine, ile ya kuona aibu, inayomzuia mtu kumvunjia mgeni uso. Mara nyingi mwenyeji hutoa haya ya kwanza kwa sababu ya haya ya pili. Mwenye kukaa miaka husikia tofauti kwa sauti na kwa macho. Mwenye kukaa majuma mawili huandika katika barua yake ya kwao kwamba kijiji kizima kilikubali kwa furaha. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili haikutoka katika chapa ila mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Hatusemi kila mjumbe lazima atunge kamusi. Twasema kwamba asiyejua kusikia kukataliwa hawezi kuamini kukubaliwa.

Tena yapasa kuisifu hotuba kwa namna yake ya kusema. Wengi wanaoyalaumu mambo haya huyaandika mbali, wakisomwa na wenzao. Illich aliwaendea wahusika wenyewe, akawaambia usoni, wala hakuwatoza malipo ya kumsifu. Desturi yetu ingependa kulisema jambo zito kwa fumbo au kwa kumtuma mzee. Lakini yako magonjwa ambayo fumbo haliyafikii, hasa mgonjwa akiwa ni mtu asiyejua mafumbo yetu.

Walakini hotuba ina mapungufu matatu, na hatuna budi kuyataja.

La kwanza, wanakijiji hawanenipo. Tangu mwanzo hata mwisho Mzungu wa Vienna anasemezana na vijana wa Amerika ya Kaskazini juu ya wakulima wa Mexico. Wakulima watajwa, wahurumiwa, watetewa. Lakini hakuna mmoja wao anayesema neno kwa jina lake, wala hatusikii ni nini walichokitaka, walichokicheka au walichokikataa. Hivyo mtetezi ameingia katika kosa lile lile alilowashitakia vijana, la kuwasemea watu walio na vinywa vyao.

La pili, Illich mwenyewe alikuwa mgeni, Puerto Rico na Mexico pia. Alikuja kutoka mbali, akajifunza, akapokelewa, akafanya kazi. Maisha yake yaonyesha kwamba ugeni hauzuii kazi, ila kazi ingoje mpaka mgeni amekwisha kukaa na kusikia. Hotuba yake ingalikuwa na nguvu zaidi kama angaliwaeleza vijana njia hiyo, badala ya kuufunga mlango ambao yeye alikwisha kuupita.

La tatu, na ndilo kubwa, ni ule mwisho wake: njoni mtazame, lakini msisaidie. Hapa mizani ya desturi zetu ni methali inayojulikana na kila mtoto: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kumkaripia mgeni mvivu, lakini tuangalie mpango wake. Siku mbili za kwanza mgeni hula cha mwenyeji. Siku ya tatu hushika jembe. Na jembe hilo hakuja nalo, lipo neno "mpe", maana ni la mwenyeji, na shamba ni la mwenyeji, na mwenyeji ndiye asemaye, "Lima hapa." Kosa la vijana wa CIASP lilikuwa kushika jembe siku ya kwanza, tena jembe walilolibeba wenyewe kutoka kwao, katika shamba walilolichagua wenyewe. Illich aliliona kosa hilo vema kabisa. Lakini dawa aliyoitoa ni kuliondoa jembe siku zote. Mtu wa namna hiyo, akaaye na kutazama milima na maua, si mgeni tena kwa maana yetu; ni mtalii, ambaye mwenyeji hana neno naye ila bei ya chakula. Mgeni asiyepewa jembe kamwe bado ni mtu wa nje, hata akipendwa.

Wala jambo lenyewe halikuisha na miaka ile. Mtaalamu Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton, kwa uchunguzi uliofanywa mwaka 2005, alikadiria kwamba Wakristo wazima kama milioni 1.6 wa Marekani huenda ng'ambo kila mwaka kwa safari fupi za misheni, na nusu yao hawakai zaidi ya siku 8. Basi kwa hesabu ya methali, mara wanapokaribia kuzoea jembe, siku zao zimekwisha.

Matokeo yake yalipimwa vizuri katika nchi ya Honduras. Mwezi wa Oktoba 1998 tufani iliyoitwa Mitch iliiharibu nchi hiyo, na makanisa ya Amerika ya Kaskazini yakapeleka vikundi kujenga nyumba pamoja na chama cha Kikristo cha wenyeji. Kurt Ver Beek, mwalimu aliyeishi Honduras miaka mingi, akachunguza, na mwaka 2006 akaandika habari zake. Nyumba moja ikijengwa na wenyeji iligharimu kama dola 2,000; kikundi kimoja kilitumia kama dola 30,000 kwenda na kujenga nyumba moja. Hakuona tofauti kati ya familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na Wahonduras wenzao. Wageni nao wengi walisema kwamba safari imewabadilisha na kuongeza utoaji wao. Lakini daftari za fedha hazikuonyesha ongezeko la namna hiyo.

Ver Beek amefanya lile ambalo Illich hakulifanya: aliwauliza wenyeji. Kwa hiyo hesabu yake ina uzito kuliko hasira ya yule wa kwanza. Lakini tusiisome kama hesabu ya fedha tu. Dola 28,000 zilizozidi hazikupotea kwa sababu vijana walikuwa wavivu au wabaya. Zilipotea kwa sababu mgeni alichukua kazi ambayo fundi wa mahali aliijua, naye fundi akasimama kando akitazama. Hapo waliobadilishana mahali ni mgeni na mwenyeji: mwenyeji amefanywa mtazamaji katika kijiji chake mwenyewe.

Watu wengine watasema, "Basi safari fupi zote ni mbaya." La, hatuwezi kusema hivyo sisi tunaosoma Luka mlango wa 10. Wale sabini walitumwa wawili wawili, wakarudi na furaha; utume wao haukuwa wa miaka. Lakini tuangalie amri walizopewa na taratibu yake. Wasichukue mfuko wala mkoba wala viatu. Wakiingia nyumbani, kwanza watoe salamu ya amani. Wakae nyumba ile ile, wasihamehame. Wale wanachopewa. Ndipo waponye wagonjwa, na ndipo waseme habari za ufalme. Waliamriwa kula kabla hawajaamriwa kuponya. Mfuko uliondolewa ili mjumbe awe mgeni kweli kweli, mwenye kuhitaji mkate wa yule atakayemhubiria. Vikundi vya siku hizi mara nyingi huenda na mfuko uliojaa, pamoja na chakula chao, maji yao na mpishi wao, na hiyo huitwa busara ya afya. Lakini kwa hiyo wanajiondolea haki ya kuwa wageni. Utume wa wale sabini ulikuwa mfupi, na bado ulikuwa na siku mbili za methali yetu ndani yake.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Katika shina moja la kutuma tumepata mtume, mtumishi na mtumwa. Aliyetumwa, aliyetumika na aliyefungwa kwa bwana wake wameandikwa kwa herufi zile zile, kana kwamba lugha yataka kumkumbusha mwenye heshima ya kwanza asisahau unyonge wa wale wawili. Lakini kutoka shina hilo hilo limetoka neno kutumia. Ndiyo hatari ya safari hizi: kijana aliyetumwa kwa watu huweza kugeuka akawatumia watu, kwa picha zake, kwa ushuhuda wake, kwa ukuaji wa roho yake. Illich aliliona hilo bila kuwa na neno moja la kulifunga. Sisi tunalo.

Basi hukumu yetu juu ya hotuba ni hii. Kwa wanaokwenda, isomwe, wala isilainishwe; maneno yake juu ya lugha na juu ya nia hayajachakaa. Lakini isiwe neno la mwisho, kwa kuwa imesemwa kwa wageni peke yao, na jambo hili lina pande mbili. Mwenye jembe ni mwenyeji. Mwalimu au kasisi apokeaye barua ya kikundi na kujibu "Haya" kwa sababu ya haya, naye ana sehemu yake katika hasara ya dola 28,000. Afadhali aandike mapema, kwa adabu na kwa wazi: kazi iliyoamuliwa na wazee wa mtaa ni hii, fundi wetu ndiye msimamizi, wageni watalala katika nyumba za Wakristo na kula cha humo, siku za kwanza watakaa nasi na kusikiliza, maneno machache ya lugha yetu wakiyajua tangu kwao. Akiwapo fundi mwashi, mgeni asishike mwiko. Abebe maji na mchanga, afuate agizo. Kikundi kisichoweza kukubali hayo, bora kibaki kwao, na hapo shauri la Illich ndilo shauri jema. Kitakachokubali, kipokelewe kwa mikono miwili, kilishwe, na siku ya tatu kipewe jembe.