Fumbo na Kumbukumbu: Ufundi wa Utani wa Simba na Yanga katika Podikasti za Mashabiki

Podikasti ya mashabiki, yaani kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kuwekwa mtandaoni ili kila msikilizaji akisikilize kwa wakati wake, imepokea utani wa Simba na Yanga, klabu mbili za soka za Tanzania, uliokuwapo muda mrefu vijiweni na redioni, na kuulazimisha kutegemea sauti na kumbukumbu peke yake. Utani wenyewe si zao la soka. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya 1940, aliueleza kuwa ni uhusiano unaomruhusu mtu kumdhihaki mwenzake huku mwenzake akitakiwa asikasirike. Na kwa jamii za Tanzania zenye utani wa jadi, kama Wachaga na Wapare, ruhusa hiyo huambatana na wajibu, kwa kuwa mtani anayekejeli ndiye pia anayetarajiwa kufika msibani na kushika kazi.

Namna utani unavyoundwa katika sauti huonekana vizuri kupitia mchezo wa tarehe 5 Novemba 2023, ambapo Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1, Kennedy Musonda akiwa ametangulia kufunga na Kibu Denis akiwa amesawazisha. Kipindi cha pili Max Nzengeli akafunga mawili, Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua wakafunga moja moja, na siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Robertinho. Uwanjani shabiki wa Yanga aliweza kunyanyua mkono ukiwa na vidole wazi, na jambo likaisha hapo. Kwenye kipaza sauti mkono hauonekani, kwa hiyo mzungumzaji hulazimika kutumia fumbo, yaani kauli inayoficha jambo ambalo msikilizaji atalikamilisha mwenyewe. Atauliza kama kikao kinaanza saa tano, au atamwomba mwenzake wa Simba amkopeshe buku tano, kisha atanyamaza. Kicheko huzaliwa ndani ya ukimya huo, na kwa sababu hiyo mhariri wa sauti anayekata kila pumzi ili kipindi kiende haraka huua utani bila kujua.

Anayetaniwa naye hana ruhusa ya kulalamika. Kinga yake ni kumbukumbu. Shabiki wa Simba hurudi kwenye mabao 6-0 ya mwaka 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu, au kwenye 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012, ambapo kipa Juma Kaseja alitoka golini kwake akapiga penalti na kufunga. Kati ya hoja hizo mbili, ya pili ndiyo yenye makali zaidi, ingawa idadi ya mabao ni ndogo, kwa sababu wasikilizaji wengi waliishuhudia, na kwa sababu kufungwa na kipa ni aibu isiyohitaji maelezo, ilhali ushindi wa 1977 kwa kijana wa leo ni historia aliyosimuliwa na wazee. Wazungumzaji wazuri hulijua hilo na huitunza 1977 kama akiba ya mwisho.

Ugumu huanza kipindi kinapokatwa vipande vifupi na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Fumbo lililojengwa kwa dakika kumi hufika likiwa limebaki kauli moja, bila jibu la mwenzake na bila kicheko chake, ambacho ndicho kilichothibitisha kuwa wawili hao ni watani; anayepokea kipande hicho husikia tusi, naye hujibu kwa tusi, mara nyingi akimshambulia mchezaji kwa umbo lake au kwa kabila lake, jambo ambalo utani wa timu haukuwahi kulitolea ruhusa. Waandaaji wanaoujali utani huu hufanya vyema kukata kipande baada ya jibu kutolewa, hata kama kitakuwa kirefu kwa sekunde 30 zaidi.