Kumaliza, Kukatiza na Kuhitimisha: Tahakiki ya Istilahi za Majaribio ya Kurasa za Tovuti

Miongoni mwa miswada ya istilahi iliyotufikia kwa uhakiki, mmoja unahusu majaribio wafanyayo wenye tovuti ili kujua ni ukurasa upi, kati ya kurasa mbili, unaowafanya wageni wengi zaidi wajiandikishe au wanunue. Wageni hugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaoneshwa ukurasa huu na nusu ule, kisha hesabu hulinganishwa. Mswada una maneno mengi ya kufaa. Lakini sehemu yake ya mwisho, ihusuyo kumaliza jaribio, ina kasoro isiyostahili kuachwa ipite, kwani si kasoro ya ufasaha tu: yaweza kumtia mtu hasara.

Nianze na madogo. "Ukurasa wa kutua" wenzangu huucheka kwa ajili ya ndege. Mimi siuoni mbaya; mchukuzi alitua mzigo kabla ndege haijajua kutua. "Jaribio la mgawanyiko" ndilo baya, maana mgawanyiko ni wa chama au ukoo uliofarakana, na hapa kinachogawanywa ni wageni, si jaribio. "Jaribio linganishi" latosha. "Umuhimu wa kitakwimu" nao wapotosha: tofauti yaweza kuthibitika kwa hesabu na bado isiwe muhimu kwa mwenye duka hata kidogo. Napendekeza "ubayana wa kitakwimu", kwa kuwa kinachodaiwa ni kwamba tofauti imebainika, basi.

Sasa kitenzi chenyewe. Mswada unatumia "kumaliza", "kusitisha" na "kuhitimisha" kana kwamba ni neno moja lenye mavazi matatu. La hasha. Kusitisha ni kusimamisha jambo ambalo laweza kuendelea baadaye. Kukatiza, neno ambalo mswada haukulitaja kabisa, ni kuingilia kati jambo lisilofika mwisho wake. Kuhitimisha ni kulifikisha jambo ukomo uliowekwa tangu mwanzo. Aliyeondoka chuoni mwaka wa pili amemaliza masomo yake kwa maana fulani, lakini hakuna atakayesema amehitimu.

Tofauti hii ndiyo roho ya somo lenyewe. Mwaka 1969 Armitage, McPherson na Rowe walionesha hatari ya kuyatazama matokeo mara kwa mara huku ukiwa tayari kuacha pindi yakupendezapo. Chukua vitu viwili visivyotofautiana lolote, na kipimo cha asilimia 5. Ukitazama mara moja, utadanganyika mara 5 katika 100. Ukitazama mara tano njiani, hatari hupanda hadi kama 14. Mara kumi, hadi kama 19. Kwa tabia hiyo Kiswahili kina neno tayari, nalo ni "kuchungulia". Nashangaa mswada ulipendelea "utazamaji wa awali wa matokeo", maneno matano yasiyo na lawama yoyote ndani yake.

Isidhaniwe kwamba kila jaribio lililoishia mapema limekatizwa. Abraham Wald, katika makala aliyoichapisha mwaka 1945, aliweka misingi ya majaribio yanayopimwa hatua kwa hatua, ambayo huruhusiwa kukoma mara ushahidi unapotosha. Hayo pia huhitimishwa, kwa sababu kanuni ya kukoma iliandikwa kabla ya kuanza. Kinachotenganisha vitenzi hivi viwili ni kanuni, wala si kalenda. Ndiyo maana naomba "kanuni ya ukomo" iingizwe katika orodha, ambamo sasa haimo.

Kinyume chake ni kisa cha Google Optimize, huduma ya majaribio ya namna hii iliyofungwa tarehe 30 Septemba 2023. Majaribio yaliyokuwa yangali yakiendelea siku hiyo yalikoma pamoja nayo. Mfasiri akiandika kwamba "yalihitimishwa", amewapa matokeo yake heshima ambayo hayakuipata.

Neno "mshindi" nalo lina mtego wake. Desemba 2007 kampeni ya Barack Obama ya kuwania urais wa Marekani ilijaribu namna 24 za ukurasa wake wa mbele, kwa kuoanisha vitufe vinne na picha na filamu sita. Watumishi wa kampeni walipendelea filamu. Wageni zaidi ya 310,000 walipokwisha kupita, filamu zote zilikuwa nyuma ya picha zote; ukurasa wenye picha ya familia ulipandisha idadi ya wanaojiandikisha kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Huyo aitwe mshindi. Lakini mswada unatumia neno hilohilo kwa ukurasa unaoongoza siku ya tatu, na wasomaji wetu wanajua vyema kwamba anayeongoza katika nusu ya vituo vya kura bado hajatangazwa. Hadi ukomo, uitwe "ukurasa unaoongoza".

Mfasiri amejibu kwamba kitufe cha programu kina nafasi finyu, na kwamba "Maliza" lina herufi sita ilhali "Hitimisha" lina tisa. Hoja yake nimeipokea. "Katiza" lina sita pia. Kwa hiyo nimemrudishia mswada nikimwomba aweke vitufe viwili, "Katiza" kionekane wakati wote, na "Hitimisha" kisitokee mpaka kanuni ya ukomo itimie.