Kuku wa kienyeji ghali, wimbo wa kienyeji bwerere?

Majuzi nilipanda matatu mjini Kisii kuelekea Nyamira. Dereva alikuwa akicheza benga ya Ekegusii. Kijana aliyeketi nyuma yangu akapaza sauti: "Dere, hebu toa hizo za ocha!" Mama mmoja aliyepakata kikapu akamjibu bila kugeuka: "Na si huko ocha ndiko unakoenda, mwanangu?" Tulicheka, lakini neno hilo lilinikaa moyoni.

Kwa Kiswahili sanifu, 'za ocha' tungeziita 'za kienyeji'. Neno lenyewe halina kosa. Linatokana na mwenyeji, yule anayempokea mgeni. Katika soko la Daraja Mbili, kuku wa kienyeji humshinda broila kwa bei. Ila ukisema 'msanii wa kienyeji', bei inashuka papo hapo.

Sisi wahakiki tumechangia. Humtaja marehemu Christopher Monyoncho kuwa mwimbaji wa benga ya Abagusii, tukaishia hapo. Hatuulizi alichaguaje maneno, wala gitaa lake linamjibu wapi. Katika masomo ya fasihi simulizi, mara nyingi wimbo huwekwa bila jina la mtunzi, kana kwamba ulijiotea kama nyasi.

Hata ala hatuzisemi sawasawa. Obokano, yenye nyuzi 8 na mvumo mzito, utasikia ikiitwa 'gitaa la kienyeji'. Si gitaa. Mpiga gitaa hubana uzi ili kubadilisha sauti. Kwenye obokano kila uzi una sauti yake, kama ilivyo kwa nyatiti ya Waluo. Grandmaster Masese, anayeipiga huku akighani mashairi, anastahili uhakiki unaojua tofauti hiyo.

Tutazame Meksiko. Jina la muziki wa ranchera linatokana na rancho, yaani shamba la mifugo. Kumbe nao ni wimbo wa ocha! Jina hilo halikuuzuia kuwa muziki wa taifa. Redio na sinema ziliueneza, hasa filamu ya Allá en el Rancho Grande ya 1936. José Alfredo Jiménez (1926-1973) hakusomea muziki, lakini hutajwa kwa jina na tungo zake huchambuliwa. Chavela Vargas alipoliacha kundi la mariachi na kuimba kwa gitaa tu, wahakiki walieleza jinsi upweke ule wa sauti ulivyoyapa maneno uzito.

Kuna atakayesema kwamba Kihispania kinaeleweka Meksiko karibu yote, ilhali Ekegusii si lugha ya Kenya nzima. Ni kweli. Hiyo ndiyo sababu mhakiki wa Kiswahili anahitajika. Tena kazi yake si kutafsiri maneno tu. Ekegusii ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, jambo ambalo Kiswahili hakina. Mhakiki atueleze mahali ambapo lahani inaifuata toni ya neno na mahali inapoiacha.

Tuanze na jambo dogo: kila tunapounukuu wimbo ambao mtunzi wake anajulikana, tumtaje. Neno 'kienyeji' tusilitupe. Tulirudishie tu thamani ambayo wauzaji kuku wa Daraja Mbili hawajawahi kuitilia shaka.