Neno Linalovuta na Neno Linaloburuta: Juu ya Ufasaha na Haki ya Msikilizaji

Miongoni mwa mambo yanayoutambulisha utamaduni wa taifa ni namna watu wake wanavyosemezana wanapotaka kukubaliana. Ngoma, mavazi na vyakula huonekana kwa macho, na kwa hiyo habari zake huandikwa mara nyingi. Lakini ustadi wa kumshawishi mwenzako, yaani kumfanya alione jambo kama unavyoliona wewe na kulitenda kwa hiari yake, hauonekani. Husikika, ukapita, na mara nyingi hauchunguzwi. Katika makala hii tutajaribu kuuchunguza, tukianzia Gungu, kata ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na kurejea huko huko.

Tumeichagua Gungu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo mwananchi, anayesema Kiha nyumbani na Kiswahili barabarani, au vyote viwili kwa pamoja, husikia kila siku maneno yanayomtaka akubali jambo fulani: maneno ya muuzaji, ya mhubiri, ya kiongozi na ya redio. Pili, mkoa wa Kigoma na mji wake mkuu umepitia, katika miaka ya 1970 na 1990, matukio mawili ambayo yanaweza kumfundisha mwanafunzi wa fasihi jambo asilofundishwa na orodha ya tamathali za usemi.

Orodha hiyo tunaijua sote. Mwanafunzi hukariri tashbiha, sitiari, takriri, tashihisi na mubalagha, kisha katika mtihani huzitafuta ndani ya shairi kama mtu aokotaye kokoto ufukoni. Akizipata, hupewa alama. Ni nadra kuulizwa: takriri hii imemfanya nini msikilizaji? Je, imemfungua macho au imemfumba? Hapo ndipo penye upungufu tunaotaka kuujadili, kwa maana mwanafunzi huyo kesho atakuwa mpiga kura, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mzazi na mnunuzi.

Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alisema kwamba msemaji humshawishi msikilizaji kwa njia tatu: kwa sifa ya msemaji mwenyewe, kwa kuziamsha hisia za hadhira, na kwa hoja. Mgawanyo huu si mgeni kwetu ila kwa jina. Nenda Kibirizi, ufukweni, asubuhi dagaa wanapoanikwa. Mama anayeuza dagaa haanzi na bei. Humwamkia mnunuzi, akamwita dada au shangazi, akamuuliza hali ya nyumbani: hapo anaijenga sifa yake, kwamba yeye ni mtu wa watu. Kisha atasema kwamba watoto wakila dagaa hawa watasahau nyama: hapo anaziamsha hisia. Mwisho atateka konzi moja ya dagaa, aiweke mkononi mwa mnunuzi ili anuse, aonje na kutazama kama kuna mchanga. Hiyo ndiyo hoja, na wahenga waliipa methali yake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tuangalie vizuri lile tendo la mwisho. Muuzaji akikubali mali yake ionjwe, amempa mnunuzi uwezo wa kumkatalia. Maneno yote matamu yaliyotangulia hayakuwa na ubaya, kwa sababu mwisho wake yalimwachia mwenzake nafasi ya kusema hapana. Hiki ndicho kipimo tutakachokitumia katika makala hii yote. Ushawishi ulio wa haki humwachia msikilizaji nafasi ya kujibu, na ule usio wa haki humnyang'anya nafasi hiyo, hata kama umepambwa kwa lugha nzuri namna gani.

Kwa mfano wa fasihi iliyoandikwa, walimu wengi wanaifahamu tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 1963, kisha akaisahihisha ikatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Baada ya Kaizari kuuawa, watu wawili wanawahutubia wananchi wa Roma. Brutus anasema kwanza. Anatoa sababu: alimpenda Kaizari, lakini aliipenda Roma zaidi. Kisha anauliza ni nani hapa angependa kuwa mtumwa, na kama yupo aseme. Wananchi wote wanajibu kwamba hakuna. Msomaji wa haraka atadhani Brutus ameacha nafasi ya jibu. Tukipima kwa uangalifu tutaona kwamba swali lake limefungwa pande zote, kwa kuwa hakuna mtu atakayesimama mbele ya wenzake akiri kwamba anapenda utumwa. Jibu la hadhira hapo si kukubali kwa kweli.

Antony anakuja nyuma yake. Ameruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, naye analitimiza sharti hilo kwa maneno na kulivunja kwa maana. Anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima, na kila anaporudia, sifa hiyo inazidi kuoza mpaka inageuka tusi. Anaitaja hati ya wosia, kisha anakataa kuisoma, ili watu waidai wenyewe. Anashuka jukwaani, anawaonyesha joho lililotobolewa kwa visu. Anasema yeye si fundi wa kusema, na husema hivyo wakati amekwisha wateka wote. Twaweza kuusifu ustadi huu, na ni lazima tuusifu kama wasomaji. Lakini mwandishi mwenyewe hakutuachia tukio hilo liishie katika sifa. Mara tu baada ya hotuba, kundi lile lile linakutana njiani na Cinna mshairi, likamdhania kuwa ni Cinna mwingine aliyekuwa miongoni mwa wauaji. Anapojitetea kwamba yeye ni mshairi tu, wanamshambulia hata hivyo, kwa kisingizio cha ubaya wa mashairi yake. Hayo ndiyo matunda ya hotuba iliyowasha hisia na kuzima maswali. Mwalimu anayefundisha hotuba ya Antony bila kufundisha kifo cha Cinna amefundisha nusu ya somo.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1970 taifa letu lilitumia sana semi fupi za kuhamasisha umma: Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975. Tazama muundo wake. Majina mawili yameunganishwa kwa neno dogo ni, kama katika methali umoja ni nguvu. Muundo huo hauombi wala hauamrishi, bali unatamka jambo kana kwamba limejulikana tangu zamani. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na ndipo ilipo hatari yake pia. Mtu si afya kwa maana ya moja kwa moja, ni lazima msikilizaji aijaze maana iliyoachwa katikati. Akipewa nafasi ya kuijaza kwa kujadiliana na wenzake, usemi unakuwa mlango. Asipopewa, unakuwa ukuta uliopakwa rangi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ilimpa nafasi hiyo. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa vijitabu, kisha wakajadili na kuamua wenyewe watafanya nini katika makazi yao: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Redio ilisema, lakini neno la mwisho lilitamkwa na kikundi. Kwa kipimo chetu, huo ulikuwa ushawishi wa haki, na tunaamini kwamba ndiyo sababu vyoo vilichimbwa.

Lakini mwaka huo huo wa 1973 ulishuhudia jambo lingine, nalo linaugusa mkoa wa Kigoma moja kwa moja. Andiko la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 lilikuwa limeeleza wazi kwamba watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari, baada ya kuelimishwa na kushawishika. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu vijijini. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba watu wapatao milioni 13 nchini wanaishi katika vijiji.

Hatukusudii kuandika hapa historia ya vijiji. Tunataka kuitazama lugha. Neno operesheni lenyewe ni neno la hospitali na la jeshi. Mgonjwa wala adui haulizwi maoni yake. Tazama pia vitenzi. Ushawishi husema tuhamie, tujenge, tulime: msemaji yumo ndani ya kitenzi pamoja na wasikilizaji wake. Amri husema mhamie, mjenge, mlime: msemaji ametoka nje, amewaachia wengine mzigo. Na ipo hila ya tatu, ya kutumia tu- wakati maana ni m-, yaani kusema tutahama mtu ambaye hatahama yeye. Mwanafunzi akijifunza kuitambua nafsi iliyofichwa ndani ya kiambishi kimoja, amejifunza uhakiki wa kweli. Nasi tunaoandika makala hii kwa sisi hatuna budi kupimwa kwa mizani hiyo hiyo: msomaji asikubali kuhesabiwa ndani ya sisi yetu kabla hajaridhika na hoja zetu.

Huenda mtu akatujibu kwamba viongozi walikuwa na nia njema, na kwamba shule, zahanati na maji visingewafikia watu waliotawanyika. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Lakini kama hoja ni nzito, ilistahili kuaminiwa. Aliyeacha kushawishi akaanza kuamuru amekiri kwamba haamini tena kwamba wasikilizaji wake wanaweza kuelewa. Hilo liliumiza heshima ya mkulima kuliko safari yenyewe.

Isidhaniwe kwamba tunalaumu kila hotuba yenye nguvu. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Aliyapanga maneno yake juu ya nguzo tatu: sababu ya kumpiga adui, uwezo wa kumpiga, na nia ya kumpiga. Takriri hiyo inakumbukwa mpaka leo. Uzuri wake hauko katika mlio peke yake. Kila nguzo ni jibu la swali ambalo msikilizaji mwenye akili angeliuliza: kwa nini tupigane? Tutaweza? Tumeamua kweli? Takriri hapo imebeba hoja, haikusimama mahali pa hoja. Mwalimu darasani anaweza kuiweka karibu na takriri ya Antony, kisha awaulize wanafunzi tofauti ni ipi.

Tukio la pili la Kigoma ni la mwaka 1994. Katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Kigoma Mjini, ambamo Gungu imo, mgombea wa CCM alitangazwa mshindi, naye Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akayapinga matokeo mahakamani. Uchaguzi huo ulitenguliwa, na shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuwa kasoro ni matangazo ya Radio Tanzania, ambayo yaliegemea upande mmoja. Sisi tulio walimu wa lugha tunapaswa kuisoma hukumu hiyo kama somo la fasihi. Inatuambia kwamba ushawishi haupimwi kwa maneno pekee, bali pia kwa kuuliza nani ameshika kipaza sauti, na nani amenyimwa. Hata hotuba ya kweli tupu haitoshi ikiwa ya mpinzani wake haikusikika.

Hata methali zetu zaweza kutumika kufunga midomo. Mzee akimwambia kijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huenda anamwonya kwa upendo, au huenda hana jibu la swali aliloulizwa. Kijana aliyelelewa vema katika Kiswahili anajua pia kwamba kuuliza si ujinga. Utajiri wa lugha yetu ni huu, kwamba imeweka akiba ya methali kwa pande zote mbili za mjadala.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila tamathali inapofundishwa, mwanafunzi aulizwe maswali manne. Msemaji ni nani, naye anapata nini tukikubali? Ametugusa wapi: katika akili, katika hofu, au katika upendo? Tukiondoa mapambo, hoja inayobaki ni ipi? Na je, ametuachia nafasi ya kujibu? Maswali haya hayahitaji vitabu vipya. Yanaweza kuulizwa juu ya tenzi, juu ya tangazo la sabuni, juu ya mahubiri, na juu ya makala hii.

Mama wa Kibirizi hajasoma Aristotle, lakini anajua kwamba mnunuzi aliyeonja dagaa akaridhika atarudi kesho, na aliyedanganywa hatarudi. Tunawataka viongozi, waandishi na walimu wa taifa hili wasipungukiwe na uaminifu wa mama huyo: wakisema, waweke konzi yao mkononi mwa msikilizaji, wamwache anuse, aonje, kisha aseme.