Kutoka "Tulifanya" hadi "Nilifanya"

Mwenzangu mmoja, mkadiriaji majenzi wa Dar es Salaam, alisailiwa mara mbili na RICS, taasisi ya wataalamu wa ardhi na majengo iliyoanzishwa London mwaka 1868. Mara ya kwanza hakupita. Mara ya pili alipata haki ya kuandika herufi MRICS baada ya jina lake. Kati ya safari hizo mbili hakusoma kitabu kipya hata kimoja. Nilikuwa miongoni mwa waliomsaidia kujiandaa, na naona matayarisho yake yanafaa kuchambuliwa, kwa kuwa kosa lake la awali ni la wengi wetu.

Tuanze na usaili wenyewe. Mtahiniwa hupeleka mapema muhtasari wa uzoefu wake pamoja na andiko la maneno 3,000 kuhusu mradi alioushughulikia. Siku ikifika, hukaa mbele ya wasaili kwa dakika 60: dakika 10 za kuuwasilisha mradi, kama 10 za maswali juu yake, karibu nusu saa ya uzoefu kwa jumla, na zinazobaki ni za maadili na kanuni za taaluma. Umahiri hupimwa kwa ngazi tatu: kujua, kutenda na kushauri kwa hoja. Maswali mengi huchimbuliwa ndani ya maandishi ya mtahiniwa mwenyewe.

Mwenzangu aliandika juu ya msingi wa jengo la ofisi Dodoma. BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake, ilikuwa na mita za ujazo 400 za kuchimba mwamba. Kazi ilipopimwa zikawa 640. Mkandarasi akadai bei mpya. Mkataba ulikuwa Kitabu Chekundu cha 1999 cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), ambacho kifungu chake cha 12.3 kinaweka masharti manne kwa hali kama hiyo, na lazima yatimie yote: kiasi kibadilike kwa zaidi ya asilimia 10, badiliko hilo likizidishwa kwa bei ya BOQ lipite asilimia 0.01 ya thamani ya mkataba. Gharama halisi ya kila kipimo ibadilike kwa zaidi ya asilimia 1 kwa sababu hiyo. Na kazi yenyewe isiwe imetajwa mkatabani kuwa ya bei isiyobadilika.

Katika usaili wa kwanza aliyataja yote manne bila kusita. Msaili akamuuliza yeye alimshauri nini mwenye mradi. Akajibu, "Tuliichambua bei, tukakubaliana na mkandarasi." Alipoulizwa tena, alirudi kwenye "tu-" ile ile. Usaili ulikuwa wa Kiingereza, lakini wingi huo alitoka nao nyumbani. Tumelelewa kuona "nilifanya" kuwa majivuno, hata aliyejenga kwa jasho lake peke yake husema, "Tumejenga, Mungu ametusaidia." Hiyo ni adabu, na ni nzuri. Mbele ya wasaili, hata hivyo, huficha kile kile wanachokitafuta, kwa kuwa anayesajiliwa ni mtu mmoja, si ofisi yake.

Matayarisho ya pili yalianzia hapo. Alichapisha muhtasari wake, akapigia mstari kila kitenzi cha wingi, na kando yake akaandika nani hasa alifanya nini: nani alipima, nani aliandika barua, nani aliamua. Baadhi ya sentensi alizifuta, maana kazi haikuwa yake. Asifuye mvua imemnyea. Ambayo haikumnyea aliiacha.

Kisha alirudi kwenye mwamba wa Dodoma na kujipangia jibu la ngazi ya tatu. Ongezeko lilikuwa asilimia 60, kwa hiyo sharti la kwanza lilitimia waziwazi. Uzito wote ulikuwa kwenye la tatu. Alieleza jinsi alivyokagua kumbukumbu za kila siku za mkandarasi: mashine ile ile, wafanyakazi wale wale, dizeli ile ile kwa kila mita ya ujazo. Gharama ya kipimo haikuwa imebadilika. Kwa hiyo alimshauri mwenye mradi alipe mita zote 640 kwa bei ya zamani, akamtahadharisha kwamba mkandarasi angeweza kupinga, na akamtaka ahifadhi kumbukumbu zile kama ushahidi. Kifungu ni kile kile, lakini sasa ndani yake anaonekana mtu anayepima, anayeamua na anayeubeba uamuzi wake.

Mwisho tulimsaili kwa majaribio jioni, watu watatu, kwa kamera na saa, kwa sababu angesailiwa kwa njia ya mtandao. Maadili tuliyapa uzito wa pekee, kwani udhaifu hapo huangusha hata mtaalamu hodari. Kanuni tano za RICS zilizoanza Februari 2022 hatukumtaka azikariri. Tulimuuliza: mzabuni akikuletea zawadi zabuni ikiwa bado wazi, utafanya nini, na kwa nini?

Kwako unayejiandaa, iwe kwa RICS au kwa bodi ya usajili ya nchini kwako: usingoje tarehe ya usaili. Jioni ya leo, kabla hujatoka kazini, fungua daftari uandike ulichopima, ulichoshauri na sababu yake. Anza kila sentensi kwa "ni-", na iwe kweli.